Juu ya Nini Tata Symphorien Anaangukaka

Apa kwanza. Weka mukono pa kifua, sema: mama, sitatosha neno hii inje ya kinywa. Sawa. Mi pia niliapa vile mbele ya Domitille, binti ya Tata Symphorien, ile siku aliniambia docteur amekuta papa yake iko na ile ugonjwa ya kusahau, Alzheimer. Siri ile niliibeba vizuri kutoka kwa mulango ya papa yake mupaka kwa banc ya Mado, metre mia mbili. Leo quartier yote, kila nyumba, inajua. Lakini weye usiseme.

Banc ya Mado, muuza kafé, ile kiti murefu tunakaliaka bote, iko pembeni ya njia ya camions za kubeba madini za Kingamyambo. Vumbi nyekundu inalala juu ya bikombe, tunaipuliza, tunakunywa. Tata Symphorien, muzee wetu, zamani chef de train, mukubwa wa treni, anakaa mwisho, koti ya kijivu, nywele imechanwa. Majina yetu yamemutoroka, lakini gare zote, vituo vya treni, Tenke mupaka Kasaji, anazitaja bila kukosa. Shida ni moja: akisimama, anaanguka. Mwezi huu mara mbili. Domitille alisema: mara ya tatu, ninakuya kumubeba, ataishi kwangu Kasaji. Na asubuhi yangu itakuwa nini? Miaka ine mi njo namukorogea kafé, juu yeye anasahau sukari.

— Ni essence, ile petroli, alisema Kalombo, fundi wa moto, ni kusema pikipiki, tunamuita Carburateur. Moyo ni pompe. Ukisimama gafula, pompe inatafuta essence, inakosa. Moteur inazima.

— Weye batu bote kwako ni moto! akasema Kabemba. Uyu tunamuita Pasteur, hata kama kanisa yake bado haina bati wala batu. Akaendelea: kuko treni moja Tata aliipitisha zamani, haikufika. Ikirudi mu kichwa yake, anasimama kuipokea, inamugonga.

— Treni inagonga mutu mbele ya mikate ya asubuhi? akauliza Carburateur.

— Ile haionekane na macho, ndugu! akajibu Pasteur.

Mado akaweka birika chini.

— Nyamazeni bote. Chini yetu kuko nini? Cobalt. Damu iko na chuma. Akisimama, udongo inavuta damu yake chini kama sumaku.

— Na weye, na uzito ile yote, juu ya nini haikuvute? akauliza Carburateur.

— Mi navaa sapato ya caoutchouc, mupira mutupu.

Tukacheka. Tata Symphorien akauliza:

— Treni ya Kasaji inafika saa ngapi?

— Imechelewa kidogo, tata, nikamujibu.

— Na weye, Mama Journal? akaniuliza Carburateur, juu hapa mi njo gazeti ya bote. Leo kimya?

— Mi sina neno.

Ile peke yake ilipaswa kubashitua. Nikaendelea kukoroga kafé ya Tata.

Njo akatokea binti moja, Jémima, infirmière, muuguzi mupya wa centre de santé, anatafuta kafé, mashini ya kupima tension, presha ya damu, mu saki ya bega. Akatusikiliza, tukamuelezea hata ile ugonjwa ya siri, akauliza:

— Anaanguka akitembea, ao akitoka kukaa?

— Akitoka kukaa, tukasema bote.

Akamupima amekaa. Muzuri. Akamusimamisha pole pole, Carburateur huku, Pasteur huku, akamupima tena. Uso ya Jémima ikabadilika.

— Mukalisheni. Imeshuka mingi. Mutu akisimama, damu inashuka mu miguu. Kichwa, bila weye kufikiri, inatuma amri: mishipa ikaze, moyo iharakishe. Kwa batu bamoja, ugonjwa ya kusahau inagusa hata njia ya ile amri. Moyo yake haikusahau kupiga. Ni kichwa inachelewa kuiambia.

— Njo nilisema, pompe! akasema Carburateur.

— Tulia, akamujibu Jémima. Muzee asimame pole pole, akunywe maji. Na dawa ya kushusha tension asiguse, mupaka docteur aseme.

— Docteur hakumuandikia, akasema Mado. Domitille alisema vile.

— Basi mbona inashuka mingi hivi, kama ya mutu anakunywa ile dawa? akauliza Jémima. Nani anamupatia dawa?

Camion ikapita. Vumbi ikashuka pole pole, na sauti moja tu ikabaki: kijiko yangu, inakwaruza ndani ya kikombe ya Tata Symphorien.

— Mama Journal, akasema Mado, unatafuta nini mule?

Nikatosha kijiko inje. Juu yake, kinini, kidonge yangu ya kushusha tension, nyeupe, nusu imeyeyuka. Kipindo ya kikwembe yangu, ile kitenge nimejifunga, ilikuwa wazi juu ya magoti, na zingine sita ndani, bote banaziona.

— Mi nikiangukaka, inanisaidiaka, nikasema. Tangu Domitille aseme vile, namutiliaka moja kila asubuhi; nilitaka asianguke tena, asiende Kasaji.

Jémima akachukua kikombe, akamwanga kafé mu vumbi. Tata Symphorien akaangalia ile kafé inaingia mu udongo, kisha akanigeukia, mukono mbele.

— Mama, na sukari?