Bi Chiriku, DJ Aliyeimba Juu ya Santuri

Tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, DJ wetu mkuu atazima mashine, ataifunika kwa kile kitambaa chake cha kijani, na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika ukumbi huu wa sherehe. Wageni wanamwita Bi Chiriku. Wengi wanaamini ndilo jina alilopewa na wazazi wake, na barua kadhaa za shukrani zimewahi kutufikia zikiwa zimeandikwa hivyo hivyo juu ya bahasha.

Ukweli ni kwamba jina hilo alibandikwa kwa dhihaka. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne kuwa karani wa mapokezi, na Bi Chiriku ana kigugumizi. Simu ikilia, aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Akiinua mkonga wa simu, neno “karibu” lilichukua muda mrefu kiasi kwamba mteja alikata tamaa kwanza, kisha akakata simu. Wenzake wa siku hizo wakamwita Chiriku, yule ndege asiyefunga mdomo, kwa sababu yeye hakuufungua. Alicheka pamoja nao, kisha akaenda kulia stoo.

Stoo ndiyo iliyomwokoa. Humo zilikuwamo santuri zaidi ya mia sita, zimerundikwa kama kuni. Akaanza kuzipanga, si kwa majina ya waimbaji bali kwa mwendo: za polepole rafu ya chini, za kutembea rafu ya kati, za kutoa jasho rafu ya juu. DJ wa wakati huo, mzee mpole mwenye goti bovu, alitafuta wimbo mmoja akaukuta alipoutarajia, na pembeni yake akaukuta ule unaofaa kuufuata. Siku hiyo hiyo akaenda kwa meneja kumwombea karani ahamishwe. Akamfundisha kazi miaka miwili, na alipostaafu akamwachia kiti. Kazi ikamkaa kama nguo ya kupimiwa. Mshereheshaji alisema, yeye akagusa vifungo. Alidhani amepata mahali pa kujificha maisha yake yote.

Jumamosi moja mchana mshereheshaji hakutokea. Gari lake liliharibika njiani. Maharusi walikuwa tayari mlangoni. Meneja akamtia Bi Chiriku maiki mkononi, akamwambia, “Mtangaze bibi harusi. Ni maneno mawili matatu tu.” Mimi ninayeandika wasifu huu ni fundi wa taa wa ukumbi. Wakati huo nilikuwa na wiki ya tatu kazini, niko juu ya ngazi nikikaza balbu, na nilisikia kila kitu. Alisema “Bi,” akasema tena “Bi,” akakwama hapo hapo. Kutoka meza za nyuma mtu akapaza sauti: “Jamani, santuri imekwama!” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ngazi ianguke nami, angalau watu wapate kitu kingine cha kutazama.

Santuri iliyokuwa ikizunguka haikuwa na maneno, ilikuwa ala tupu. Bi Chiriku akafumba macho, akapandisha sauti ya spika kidogo, akaimba:

“Simameni mumwone, mwenye siku amefika,
kavaa furaha yake, haijapata kufifia.”

Hakukwama hata herufi moja. Wenye kigugumizi wengi wanajua kwamba ulimi hulegea mtu akiimba, na yeye alilijua hilo tangu utotoni, akiosha vyombo nyumbani kwao. Hakuwahi kufikiri ni jambo la kuja nalo kazini. Watu wakasimama. Shangazi wa bibi harusi akapiga vigelegele mpaka kilemba kikamdondoka. Yule wa meza za nyuma alicheza kuliko wote, na kabla ya kuondoka akaja kwenye mashine akiwa ameshika kofia mkononi, akaomba radhi. Bi Chiriku akamwimbia jibu. Hatujui alimwambia nini, maana spika zilikuwa zimezimwa, lakini yule bwana aliondoka anacheka.

Tangu hapo kuimba kukawa sehemu ya muziki wake. Isidhaniwe alikuwa akipayuka tu juu ya nyimbo za watu. Alikuwa na kanuni, na aliyejifunza kwake alizikariri kabla hajagusa kifungo. Mwenye wimbo akisema, mgeni hunyamaza: hakuimba hata mara moja juu ya maneno ya mwimbaji mwingine, alingoja ala zibaki peke yake ndipo aingie. Akiona sauti yake haifiki ulipo wimbo, aliushusha wimbo taratibu mpaka ukutane naye, na wachezaji hawakujua. Aliandika beti zake kwenye daftari za shule. Jumatatu aliwapigia simu ndugu wa maharusi, siku hizi simu haimtishi tena, akawauliza bibi harusi alikuwa mtundu kiasi gani utotoni. Jumamosi bibi harusi akasikia katikati ya wimbo habari za siku alipomnyoa paka wa bibi yake. Alivua viatu kila alipofanya kazi. Alisema mdundo husikilizwa kwa nyayo, masikio ni mashahidi tu.

Haikuwa asali siku zote. Katika mwaka wake wa kumi na mbili alikuja meneja mpya, mtu wa utaratibu, ambaye tunamheshimu mpaka leo. Mteja mmoja alikuwa amelalamika kwamba alitaka nyimbo kama zilivyorekodiwa. Meneja akaandika barua ya mistari miwili: DJ apige muziki, asiimbe. Bi Chiriku akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akatii. Miezi minane alipiga muziki safi usio na kasoro, na miezi minane wageni walikula wakaondoka mapema. Wahudumu wa jikoni walikuwa wa kwanza kusema kwamba ukumbi umekuwa kama chumba cha kungojea daktari. Bi Chiriku alikuwa amerudia kula chakula chake cha mchana stoo, peke yake.

Kisha meneja akamfanyia mama yake sherehe ya kutimiza miaka sabini, papa hapa. Mama huyo alikuwa amewahi kualikwa harusi kwetu miaka ya nyuma. Alikaa mbele ya keki, kisu mkononi, hakati. Mwanawe akainama kumuuliza kuna nini. Mama akamjibu kwa sauti iliyofika mpaka kwangu penye swichi: “Yuko wapi yule anayeimba? Mwanangu, umenileta ukumbini au umeniwashia redio?”

Meneja akatembea mpaka kwenye mashine, uso umemwiva. “Bi Chiriku, tafadhali. Mwimbie mama.”

Bi Chiriku akamtazama kwa upole. Akafungua mkoba, akatoa ile barua, akainyoosha mezani. “Na h-h-hii je?”

Hapakuwa na karatasi karibu. Meneja akachukua tishu ya mezani, akaandika kwa kalamu ya mhasibu aliyekuwa miongoni mwa waalikwa: “Barua ya awali imefutwa. Aimbe.” Akatia sahihi. Ndipo Bi Chiriku alipoimba, mama akakata keki, kisha akataka kucheza na keki yenyewe. Tishu ile imewekewa fremu na iko ukutani stoo. Meneja mwenyewe ndiye aliyeipigilia msumari.

Sifa zake ni nyingi. Amefundisha ma-DJ watano, na watatu wanaimba. Amehama kutoka santuri kwenda kaseti, kutoka kaseti kwenda kompyuta, na kila mara alinung’unika wiki moja, ya pili akawa anawafundisha wengine. Lakini tukiulizwa ni siku gani hasa ukumbi huu ulijivunia kuwa naye, wengi wetu tutataja siku moja, miaka sita iliyopita.

Jumatano moja alikuja kijana wa kiume na mchumba wake kuandikisha harusi. Yule bwana alikuwa fundi bomba, mabega mapana, na alikuwa na kigugumizi kikali kuliko cha Bi Chiriku. Dada wa mapokezi, kwa nia njema kabisa, akawa anammalizia maneno. Bi Chiriku alikuwa akipita na waya begani. Akasimama. “Dada, usimmalizie. M-m-maneno ni yake.”

Bwana harusi akamfuata mpaka stoo. Alikuwa na ombi: siku ya harusi inampasa kuwashukuru wazee na kusema neno kwa mkewe mbele ya watu mia tatu, na hawezi; je, Bi Chiriku angemwimbia shukrani hizo kwa niaba yake? Sisi tulidhani atakubali mara moja. Alikataa. “Ya kwangu nitakuimbia,” alimwambia. “Ya kwako utaimba mwenyewe.” Jumatano tatu mfululizo, mchana, mlango wa stoo ulifungwa, na sisi nje tulijifanya tuna kazi nyingi sana palepale mlangoni.

Siku ikafika. Bi Chiriku akaweka ala tupu, laini, akaimba ubeti wa kumkaribisha, akamwachia. Bwana harusi akawaimbia wazazi wake, akawaimbia wakwe zake, sauti si nzuri sana lakini imenyooka. Akamgeukia mkewe, na hapo, kwenye jina lake, hata wimbo haukumsaidia. Akakwama. Mhudumu mmoja alisimama na sinia mkononi, asithubutu kulitua.

Bi Chiriku hakuingilia. Hakuimba jina lile, ingawa alilijua. Alichofanya ni kuuzungusha mdundo. Kipande kilekile kifupi kikarudi, kikarudi tena, bila kukatika, bila haraka, kana kwamba wimbo uliandikwa hivyo tangu mwanzo. Nilihesabu mizunguko kumi na mmoja. Watu wakaanza kupiga makofi taratibu kuufuata, hakuna aliyecheka. Mzunguko wa kumi na mbili jina likatoka, lote, na bibi harusi akamrukia mumewe shingoni mpaka maiki ikaanguka. Nilipomtazama Bi Chiriku, alikuwa amekaa chini sakafuni nyuma ya spika, miguu peku, analia kwa furaha, mkono mmoja umebaki juu kwenye kifungo ili mdundo usikatike.

Baada ya kustaafu, ameahidi kuja Jumatano moja kila mwezi kukaa na yeyote mwenye kigugumizi atakayebisha hodi stoo. Wameshajiandikisha tisa.

Sherehe ya kumuaga itafanyika Jumamosi inayofuata, saa nane mchana. Shemeji yetu, mumewe, ambaye ni fundi cherehani, ameshamshonea gauni na yeye kajishonea suti. Alipokuja kuulizia watakaa meza gani, aliniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. “Tumeoana miaka ishirini na saba,” alisema. “Kila harusi niliyoalikwa hapa, mke wangu yuko nyuma ya mashine, mimi nacheza na dada zake. Sijawahi kucheza naye ukumbini.”

Meza yao ni namba moja, karibu kabisa na uwanja wa kuchezea. DJ wa zamu ameonywa asimpe Bi Chiriku maiki.

Asante, Bi Chiriku, kwa kazi, kwa kanuni na kwa kicheko. Afya njema ikuandame, nyumba yako isikose wimbo, na tunakuombea maisha marefu yenye raha. Sasa vua viatu, dada yetu, umpe shemeji mkono. Wimbo wa kwanza tumeuchagua mrefu.