Kimanda cha Mfungo

Saa tisa alasiri, ibada ilipokwisha, wazee wa kona walikuwa wameshakalia benchi lao mbele ya nyumba ya Emama Yeshi, mjini Dessie, kila mmoja akijifanya amepita tu. Senait, mjukuu wa Emama, alikuwa ameshakaanga buni, na birika la udongo lilichemka juu ya makaa. Lakini leo hawakuja kwa ajili ya kahawa, walikuja kuonja. Tangu Emama atoke hospitali chakula hakimpandi. Maharage anayasukuma kando, mchuzi wa dengu anautema. Ulimi wake unataka mayai tu, ya kukaanga kwa kitunguu na pilipili mbichi. Padri amemruhusu kwa kuwa ni mgonjwa, yeye amekataa. Hajala yai ndani ya Mfungo Mkuu, usioruhusu nyama, mayai wala siagi, tangu usichana wake na hataanza leo. Ndiyo maana Senait alikuwa akihangaika na unga wa dengu, apate kupika yai la mfungo lisilo yai. Akafunua sahani.

— Rangi umepata, alisema Gashe Mizani, mpima nafaka wa mashine ya kusaga; Gashe ndivyo Senait alivyowaita wazee wote wa benchi.

— Ni manjano, Gashe. Nimetia kidogo.

— La jana lilikuwa tofali.

— Jana sikuuacha unga ulowe.

Injinia, fundi redio, akamega, akatafuna huku amefumba macho.

— Linanukia yai kabisa. Ila halijavimba. Yai lina chumba cha hewa kule kwenye tako lake, dengu haina. Lazima uupulizie huo unga.

— Kwa mdomo? Senait aliuliza.

— Kwa pampu ya baiskeli. Ninayo.

— Redio ya mke wangu uliipulizia nini, mbona mpaka leo inakohoa? alisema Mizani.

Wa tatu wao, aliyeacha shule ya kanisa njiani na kubaki na jina la Shemasi, alitikisa kichwa.

— Siyo hewa. Yai limelaliwa na kuku, limepata joto la kiumbe. Tieni unga kwenye mfuko, kuku aulalie usiku mmoja.

— Akiuangua je?

— Kifaranga cha dengu ni cha mfungo, Mizani. Kinaliwa.

Senait hakucheka.

— Wazee wangu, niambieni tu. Atakula au hatakula?

— Atakula, alisema Injinia. Mimi mwenyewe nimesahau kwamba ni dengu.

— Hapo ndipo ninapoogopa, alisema Shemasi. Likifanana na yai kiasi hicho, huo ni mfungo au ni ujanja?

Wakabishana hapo duru ya pili nzima ya kahawa: Mungu anaangalia tumbo, au anaangalia ulimi. Mama mmoja mwenye shali nyeupe, mgeni wa mtaa, akapita akitoka kanisani. Wakamkaribisha kikombe na kipande. Kipande alikileta puani, hakukifikisha mdomoni.

— Umekaangia kikaango gani, mwanangu?

Senait akatazama chini. Kikaango cha mfungo ni chembamba, jana ndicho kilichomuunguzia. Asubuhi alipanda darini akashusha kile cheusi kizito, ambacho Emama mwenyewe alikifunga gunia mkesha wa mfungo na kukiweka mbali na macho. Siagi na mayai ya miaka yote yalikuwa yameingia ndani ya chuma kile. Harufu waliyoisifu ilitoka humo.

Injinia aliacha kutafuna. Shemasi alibaki na shavu limevimba, hajui ateme au ameze.

— Nilikisugua kwa majivu, Senait alisema.

— Sawa, umekisugua, alisema yule mama, akawageukia wazee. Basi nyinyi mnaojua mniambie. Chuma nacho kinafunga, au tunafunga sisi tu?

Mizani akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Shemasi. Shemasi akameza.

Senait hakuwangoja. Alichukua kikaangio cha buni, ambacho tangu kinunuliwe hakijajua kitu kingine, akakipangusa, akatia mafuta, akamimina unga uliobaki na kuufunika.

— Kesho kahawa itanuka kitunguu, Injinia alinong'ona.

— Kesho utainywa hivyohivyo, Gashe.

Duru ya tatu ilitoka nyepesi kama maji, kisha birika likakauka. Senait aliingia ndani na sahani, akaketi kitandani kwa bibi yake. Emama alimega kipande kidogo. Akatafuna polepole mno, hata msichana akaona aibu kumtazama.

— Hili si yai, Emama alisema. Linanuka buni.

— Ndiyo, Emama.

Mkono wa bibi ukarudi kwenye sahani.