Mama Funika na Muhuri wa SI SIRI

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mkuu wa masjala yetu ya siri anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake limo kwenye faili la utumishi. Sisi tunamwita Mama Funika, na anaitika.

Jina hilo kajitafutia mwenyewe. Ukiingia chumbani kwake na karatasi iliyoangalia juu, salamu hupati mpaka uilaze kifudifudi. Simu inabaki kwenye kisanduku mlangoni, na ukijifanya umesahau, anakunyooshea kiganja bila neno. Alipomwoza binti yake, kadi za mwaliko zilitufikia ndani ya bahasha mbilimbili, ya nje haina alama, kama zisafirivyo barua za siri. Mumewe anasema mpaka leo hajui mkewe anafanya kazi gani, ila anajua sukari ya nyumbani inakaa chini ya kufuli.

Alianza kama karani wa kupokea barua. Wengi hudhani kazi ya masjala ni kuficha. Yeye alishikilia kwamba ni kutenganisha. Kila karatasi ndani ya chumba kile sharti iwe na alama, iwe ya siri au isiwe. Wakubwa waliogonga SIRI hata kwenye tangazo la kukatika maji walirudishiwa tangazo lao, pamoja na tabasamu. Aliwaeleza kwamba mlinzi akilindishwa kila kitu huchoka, na siri yenyewe ikapita getini huku anapiga miayo.

Lakini anayetaka kumjua vizuri asikie kisa cha dereva wetu. Asubuhi moja walinzi walimkuta na ratiba ya magari mfukoni, imegongwa SIRI. Akasimamishwa kazi papo hapo, na mkewe alikuwa anakaribia kujifungua. Alijieleza mpaka sauti ikamkauka, wapi! Sisi wenzake, tuseme ukweli, tulimkwepa.

Mama Funika, ambaye barua yake ya kupandishwa cheo ilikuwa njiani, aliomba kuiona karatasi ile, akaiinamisha penye mwanga wa dirisha. Muhuri ulikuwa wa SI SIRI. Ile SI ya mwanzo haikushika wino. Ilibaki alama ya kubonyea tu. Na aliyegonga kwa pupa alikuwa yeye.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtu anayelipwa kuficha hakulificha kosa lake hata kwa saa moja: aliandika maelezo, akayasaini, akayapeleka mwenyewe kwa mkurugenzi. Alipewa onyo, cheo kikachelewa miaka mitatu, na dereva akarudi kwenye usukani. Muhuri ule aliuomba uharibiwe. Tangu hapo karatasi zisizo za siri zinagongwa WAZI, neno ambalo wino ukikosekana haligeuki kinyume chake.

Leo jioni dereva yuleyule ndiye atakayemrudisha nyumbani. Zamu hiyo aliiomba mapema, na hakuna aliyethubutu kuigombania.

Rasimu ya wasifu huu tulimpelekea kwanza, kama kanuni inavyotaka. Alifuta sifa mbili, kisa cha dereva akakiacha kilivyo, kisha akagonga WAZI juu kabisa na kupuliza wino ukauke.

Asante, Mama Funika. Kapumzike, simu mkononi, karatasi zimeangalia juu meza nzima. Maisha mema tunayokutakia hayana bahasha ya pili. Tunakupenda, na hili usilifunike.