Vigingi vya Hema la Kobasi

Kijiweni kwetu kuna benchi moja, birika la kahawa na ubishi usiokwisha. Juzi tingatinga lilivunja nyumba zote za mtaa wa nyuma, na ya Kobasi, fundi viatu wetu, ikiwamo. Akapewa hema la msaada, akalisimamisha palepale palipokuwa sebule yake, maana amesikia kwamba anayeondoka, kiwanja chake kinachukuliwa. Hema lilikuja bila vigingi, akalikandamiza kwa matofali ya ukuta wake mwenyewe. Usiku wa jana upepo ukalibeba. Mkewe na watoto wakakesha wamekalia ndoo, hema likaokotwa asubuhi. Ndiyo maana leo benchi limejaa vijiti na maranda, na Milimita, seremala, anatufundisha kuchonga vigingi. Inasikitisha, na sisi tunabishana vilevile.

MILIMITA: Kobasi, geuza kisu! Kinaelekea pajani. Kata kwenda nje, mbali na mwili.

KOBASI: Paja ni langu.

MILIMITA: Ukijikata, mkeo akubebe wewe au hema? Simamisha kijiti juu ya gogo. Mkono unaoshika ukae nyuma ya kisu, siku zote. Unakiona hiki?

Akanyoosha kidole kisicho na ncha.

MILIMITA: Hiki kilikaa mbele.

Masafa, fundi redio, alikuwa anasugua kijiti kama anapiga mswaki.

MASAFA: Mimi kisu changu butu. Hakina madhara.

MILIMITA: Butu ndicho kinachokata watu! Kinagoma kwenye mti, unasukuma kwa hasira, kikiteleza kinakuja kwako. Lete nikinoe.

MASAFA: Kwanza tatizo si vigingi. Tatizo upepo. Zamani ulipita juu, siku hizi unapita chini.

MIMI: Si nyumba zilizouzuia hazipo?

MASAFA: Ngoja! Waliovunja walijua. Tingatinga mchana, upepo usiku. Wamegawana zamu.

MILIMITA: Yaani upepo umeajiriwa?

MASAFA: Kibarua. Ndiyo maana una hasira, hauna likizo.

Tukacheka. Kobasi hakucheka.

KOBASI: Mwanangu mdogo kaniuliza leo tunalala nyumba gani. Nimemwambia ileile. Nimechoka, jamani. Sina pengine.

Hapo kila mtu akainamia kijiti chake.

MILIMITA: Chini kidogo ya kichwa weka pengo la kushika kamba. Usichimbe sana, kitavunjika. Kichwani punguza kingo, nyundo isije ikakipasua.

MASAFA: Tena tufanye virefu, mkono mzima! Upepo ukija, dunia ing'oke, hema libaki.

MIMI: Libaki limeshikilia nini?

MASAFA: Wewe kunywa kahawa.

Dada wa mke wa Kobasi akafika na kikapu, kuchukua vigingi kabla jua halijazama. Akainua kimoja, akagusa ncha kwa kidole gumba.

SHEMEJI: Vikali kweli. Mnavipigilia wapi?

KOBASI: Palepale, shemeji. Sebuleni.

SHEMEJI: Si sakafu ya saruji ile?

Sote tumeshakaa sebule ile, tumevua viatu mlangoni, ubaridi wa ile saruji tunaujua kwa nyayo zetu.

MILIMITA: Tusogeze pembeni...

SHEMEJI: Pembeni sakafu ya jirani. Ikiisha yake inaanza ya mwenzake. Mtaa mzima umebaki sakafu.

Nikamwangalia Masafa, nikimwomba moyoni aseme lolote, hata la kipuuzi. Akarudi kusugua kijiti chake. Muuza kahawa akainamisha birika juu ya kikombe changu, likatoa tone moja. Upepo ukaanza kusogeza maranda miguuni petu.

Kobasi alichukua kigingi kilichokwisha kuchongwa, akakisimamisha juu ya gogo, akageuza kisu mbali na mwili kama alivyofundishwa, akaendelea kukichonga. Ncha ikaisha, pengo likaisha, mkononi kikabaki kipande cha kuwashia moto.

KOBASI: Shemeji, zile ndoo bado zipo?

SHEMEJI: Zipo.