Mzee Brashi na Gari la Kiganjani

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, iache sufuria kidogo. Kama una mtu karibu, mwite asogee. Leo tunamkumbuka mtu ambaye pengine hukumfahamu, maana hakuwa mtu wa kujulikana. Alikuwa fundi wa rangi za magari. Wenzake wa gereji walimwita Brashi, na alipoota mvi wakamwongezea heshima: Mzee Brashi. Ametutoka akiwa na miaka sitini na saba.

Kwa miaka thelathini na moja alipuliza rangi magari ya watu. Thelathini na moja, wasikilizaji, gereji ile ile, kwenye kibanda kile kile kisicho na dirisha. Ulikuwa ukimpelekea gari lililopondeka ubavu, siku ya kulichukua huwezi kuonyesha palipoumia. Mkuu wa gereji anasema: "Alikuwa anafumba macho, anapitisha kiganja kwenye bodi, halafu anakwambia, 'Rudia hapa.' Sisi wenye macho hatuoni kitu. Tukirudia, kweli, palikuwa na kasoro."

Kisha kifua kikagoma. Daktari hakumung'unya maneno: ukipuliza rangi tena, unajimaliza mwenyewe. Akastaafu kabla ya wakati. Mwaka uliofuata mkewe akafariki. Mtoto wao ni mmoja tu, binti, muuguzi katika mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Basi ile nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, ikabaki na mtu mmoja.

Jirani yake wa chini ni mama mshonaji wa nguo. Anakumbuka redio. "Asubuhi redio, mchana redio. Siku moja nikamuuliza, jirani, hiyo redio huichoki? Akanijibu, 'Wala siisikilizi. Nimeiwasha ili nyumba iwe na mtu anayeongea.'"

Nakiri, wasikilizaji wapendwa, maneno hayo yalinikaa. Huenda aliyekuwa akiongea humo ni mimi.

Siku alipotimiza miaka sitini, binti alimtumia boksi. "Sikujua nimpe nini," anasema. "Mashati anayo. Nikaliona boksi lina picha ya gari, nikasema, si ni mtu wa magari huyu?"

Ndani ya boksi mlikuwa na vipande vya plastiki zaidi ya mia, vimeshikana kwenye fremu zake, na karatasi ya maelekezo kwa lugha ya kigeni. Ukiviunganisha unapata gari kamili, dogo mara ishirini na nne kuliko la kweli. Mzee akacheka. "Huyu mtoto ananiona nimerudi chekechea." Akalisukuma boksi uvunguni. Likakaa miezi miwili. Siku moja, mvua inanyesha, hana pa kwenda, akalivuta. Akakata kipande cha kwanza. Hakuacha tena.

Rangi ya kupuliza alikatazwa, kwa hiyo alipaka rangi ya maji kwa brashi. Mikono saba, yaani matabaka saba, mepesi. Kila mkono unakauka, unasuguliwa kwa msasa laini uliolowa, ndipo unakuja mwingine. Kabla ya kupaka alinyunyiza maji sakafuni vumbi lisipande. Nyaya za plagi za injini alizichomoa kwenye waya wa chaja mbovu ya simu. Mikanda ya siti aliifuata kwa mshonaji.

"Anakuja kuomba utepe wa nusu kidole," anasema mama mshonaji. "Namwambia, jirani, chukua basi hata mita moja. Ananiambia, 'Mita nzima? Abiria wote hao nitawapeleka wapi?'"

Binti akaona zawadi imempata mwenyewe. Akatuma boksi la pili. Akatuma la tatu. Na kila boksi lilileta simu.

"Mama, hujambo? Pole na kazi. Hivi, kipande namba arobaini kinaingia wapi?"

Ndivyo alivyomwita binti yake: mama. Na binti alimwelekeza, akamchorea mishale kwenye picha, akamtumia. Hadi siku moja simu ilipoita wodini, mgonjwa kabadilika ghafla, watu wanakimbizana. "Baba, niko zamu! Si kuna michoro hapo? Angalia michoro!"

"Haya, mama. Pole na kazi."

Hakuuliza tena. Si wiki ile, si mwaka ule. Binti alikuwa akimpigia Jumapili, dakika tatu hivi: umekula, nimekula, kifua je, kinaendelea vizuri. "Nilidhani sasa amezoea, hahitaji msaada," ananiambia. "Kusema kweli, nilishukuru."

Mwaka jana Mzee Brashi alianza gari ambalo haliuzwi dukani. Gari lao wenyewe, la zamani, lile la familia. Alichukua boksi la gari linalofanana nalo, akakata huku, akajaza kule. Gari lao lilikuwa jeupe, lakini mlango wa nyuma wa kulia ulikuwa wa buluu, maana ulitoka kwenye gari bovu, na fundi wa rangi hakupata nafasi ya kulipaka gari lake mwenyewe. Akaweka mlango wa buluu. Waipa ilikuwa moja. Akaweka moja. Pale mkewe aliporudi nyuma nalo akagonga nguzo ya geti, alipasha kijiko moto, akabonyeza plastiki taratibu hadi ikabonyea vile vile. Mtu aliyefuta mikwaruzo ya watu miaka thelathini na moja, sasa anaitengeneza.

Mwezi wa tatu mwaka huu, akapiga simu.

"Samahani, mama. Upo zamu?"

"Niko zamu, baba. Nitakupigia."

Zikapita siku tisa. Siku tisa, wasikilizaji. Siku ya kumi binti akapiga.

"Nilitaka kukuuliza kitu kidogo tu," akasema mzee. "Zile siti, mama yako alizifunika kitambaa. Kilikuwa rangi gani? Nimesahau kabisa."

"Kijani."

"Una uhakika?"

"Baba! Si nililala pale utoto wangu wote? Kijani."

Wakaongea karibu saa mbili. Jinsi binti alivyokuwa akitapika kila safari. Jinsi mama yake alivyoimba njia nzima bila kupatia hata wimbo mmoja. Siku gari lilipozimika wakienda harusini, mama yake akashuka na viatu vyake virefu, akasukuma. Mzee alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akacheka.

"Njoo ulione kabla sijagundisha paa," akamwambia. "Likishashika, ndani huoni vizuri."

"Nakuja likizo, baba. Mwezi wa sita."

Mzee Brashi alifariki mwezi wa tano, kliniki, kwenye benchi, akisubiri zamu yake. Waliita jina lake mara mbili. Walidhani amesinzia. Hakuwa na mtu pembeni.

Binti alilikuta gari mezani. Jeupe, mlango wa buluu. Paa limewekwa kando juu ya kitambaa safi. Siti za ndani, kijani.

Alipokuwa akipanga vitu vya droo, akafungua kibati cha peremende za kifua. Ndani, siti nyingine za gari lile lile. Zimekamilika, hadi mistari ya ushonaji imechorwa. Za kahawia. Chini yake kuna picha: mama yake ameketi siti ya nyuma, mlango uko wazi, anacheka. Kitambaa ni cha kahawia.

Mama mshonaji alipoziona alizitambua. "Hizo aliniletea nizione, pamoja na hiyo picha. Ilikuwa mwezi wa kwanza."

Mwezi wa kwanza, wasikilizaji. Simu ya kuuliza rangi aliipiga mwezi wa tatu.

"Kwa hiyo alijua," binti aliniambia hapa studio. "Hakusahau chochote. Alikuwa anatafuta sababu ya kunipigia. Na mimi nikamtajia rangi siyo. Akazing'oa, akatengeneza nyingine, kama nilivyosema mimi."

Nikamuuliza ameacha zipi ndani ya gari.

"Za kijani. Hizo ndizo alizonitengenezea mimi."

Paa aligundisha mwenyewe. Gundi ikavuja, imeacha doa kwenye kioo cha nyuma. Amesema hatalifuta.

Kwa binti, kwa mama mshonaji, kwa mafundi wote wa gereji ile, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole. Mungu awatie nguvu, na mzee wetu apumzike.

Nawe unayenisikiliza, huenda yupo mtu anayekupigia kuuliza jambo dogo, jambo ambalo unahisi analijua. Mjibu. Mjibu taratibu, na ukimaliza, nawe mtafutie swali.