Njia ya Kwenda Kinamasini

Benchi letu liko mbele ya duka la Clonarra, katikati ya Ayalandi, na chai hutoka kwenye chupa ya Concepta, tunayemwita Redio. Malachy, yaani Jembe, hukaa upande wa ukuta. Fintan tunamwita Wakili. Sheria hakuisomea, ila alishawahi kushtakiwa. Asubuhi hiyo tulikuta tangazo mlangoni: kinamasi chetu kimekuwa hifadhi. Marufuku kukata mboji, ule udongo mweusi tuliokuwa tukiuanika upepo ukaukaushe, tukauchoma mekoni kama kuni. Mitaro itazibwa, maji yarudi.

— Yaani udongo wa babu yangu mpaka kibali? — Jembe alifoka.

— Kibali na tathmini ya mazingira ni vya makampuni yenye mashine, — alisema Wakili. — Wewe na sepetu yako, kibali hata hupewi. Umekatazwa tu.

— Kanikataza nani?

— Chura.

— Acha zako!

— Chura, na yule ndege wa mdomo uliopinda. Wana mwanasheria wao Brussels, anavaa tai.

Redio akadakia:

— Mimi nasikia maji yakirudi, hewa chafu inalala humohumo chini. Halafu Wajerumani watakuja kuipima kwa mita.

— Maji yakimwagika hayazoleki, — alisema Wakili.

— Ndiyo maana wanaziba mitaro, baba!

Tukacheka. Jembe hakucheka.

— Enda kanipigia Jumapili, toka Boston, — alisema. Enda ni kaka yake. — Hata hali yangu hakuuliza. Kaniuliza, “Moshi wa mboji bado unanukia hapo nyumbani?” Nikamwambia unanukia.

— Si una hita ya umeme wewe? — Wakili alimuuliza.

— Ninayo.

Redio akammiminia chai bila kuombwa.

— Mama alikuwa anatuletea chai kulekule kinamasini, — Jembe alisema taratibu. — Kwenye chupa ya soda, kaivika soksi isipoe. Chai ile, jamani...

Wakili akasimama.

— Twendeni leo hii na masepetu! Watukamate wote! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, sasa tuufunze sisi huo ulimwengu!

— Twende! — Jembe akajipiga kofi gotini. Sikuwa nimemwona hivyo kwa miaka mingi.

Hapo gari likasimama. Binti mmoja aliyevaa koti la mvua akachungulia dirishani. Alikuwa mtu wa hifadhi, katumwa kupima kina cha maji.

— Samahani, wazee wangu. Njia ya kwenda kinamasini ni ipi?

Mikono mitatu ikanyooka mara moja. Wa Jembe ulielekea kanisani, wa Wakili kwenye misonobari, wa Redio uwanja wa mpira.

— Pana geti, — alisema Jembe. — Geti jekundu.

— Lilikuwa la bluu, Malachy, — Redio akamwambia kwa upole.

Mikono ikashuka, mmoja baada ya mwingine. Wangu sikuwa nimeunyoosha; nami njia nilikuwa nimeisahau. Binti akaendelea kutungoja, injini ikinguruma.