Pikipiki ya Tatu

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili mabovu, kati ya kibanda changu cha kutengeneza saa na mlango wa kinyozi. Matairi ni ya Pancha, anayeziba matairi ng'ambo ya barabara na ambaye kila wiki anaapa atakuja kuyachukua. Ubao ni wangu, na sijawahi kumtoza mtu kuukalia. Mlango wa kinyozi hauna pazia, kwa hiyo ukiwa hapo unaona kila kitu: kiti chake kimoja, kioo, na kando ya kioo msumari ambapo saa yake kuukuu ya mkononi inaning'inia, huu mwaka wa tisa. Wote tunasomea wakati hapo, hata mimi, maana saa zilizomo kibandani kwangu kila moja ina maoni yake. Asubuhi hiyo msumari ulisema saa nne na robo. Kinyozi mwenyewe, tunayemwita Wembe, alikuwa amekaa nasi na bahasha nene ndani ya koti, anatikisa goti mpaka ubao mzima unatetemeka na kahawa zetu zinamwagika.

— Acha hilo goti, — nikamwambia.

— Dalali anakuja saa sita, Fundi. Analeta saa.

— Ile saa?

— Ile ile.

Hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Miezi mitatu tulikuwa tunaizungumzia. Saa ya kifahari, chuma kitupu, uso wa buluu. Dukani ina bei yake imebandikwa chini, lakini yenyewe haipo; unaandikisha jina kwenye orodha, unaambiwa urudi baada ya miaka miwili. Dalali anayo moja, mpya, na anaitaka bei ya juu.

— Juu kiasi gani? — akauliza Pancha. — Nieleze kwa pikipiki.

Pancha hupima kila kitu kwa pikipiki.

— Dukani ni pikipiki mbili. Yeye anataka tatu.

— Kwa hiyo pikipiki moja nzima unailipia kutosubiri.

— Nimeshasubiri. Miaka ishirini nawafunga wanaume shuka shingoni. Na kila mwenye saa nzuri huutoa ule mkono nje ya shuka, makusudi, nywele zisiifunike. Nimezisoma zote kwenye kioo, mishale inakwenda kinyume. Siku moja bosi mmoja akaniuliza, unajua hii ni saa gani? Nikamtajia, mpaka na mwaka. Akacheka. Akasema, umejuaje wewe?

Akapapasa bahasha ndani ya koti.

— Hilo *wewe* ndilo linaloniuma.

Ndani, binti yake alikuwa anafagia nywele za mteja aliyetoka. Ni mwanamke mzima, fundi wa kusuka kuliko wengi waliofungua maduka. Amemaliza kujifunza tangu mwaka jana, lakini hana pa kukalisha mteja, kwa kuwa kiti ni kimoja na ni cha baba. Chumba cha jirani kiko wazi. Mama mwenye nyumba alikuwa amesema atamngojea Wembe mpaka saa sita hiyo hiyo. Baada ya hapo anampa muuza viatu, na binti atakwenda kusukia saluni ya watu, upande wa pili wa mji. Fedha ya chumba na kiti cha pili ilikuwepo. Wembe aliuza kiwanja alichoachiwa na mama yake ili kuipata. Ilikuwa imo ndani ya bahasha ile.

— Mimi nasema hivi, — akaanza Stakabadhi. Huyu ni mtunza stoo mstaafu, na hanunui hata kiberiti bila karatasi. — Bei ni ile iliyoandikwa. Ukilipa zaidi ya iliyoandikwa umejitoza faini mwenyewe, na kosa hukulifanya.

— Lakini haipatikani, mzee wangu.

— Kitu kisichopatikana hakina bei. Stoo tuliandika "hakuna", basi.

— Itapanda, — akasema Wembe. — Leo tatu, mwakani nne. Nitaiuza nipate chumba na kiti na chenji.

— Kumbe huivai. Unaiweka akiba kama gunia la mahindi.

— Naivaa. Halafu naiuza.

— Ikishachubuka?

— Sitaichubua.

— Basi huivai.

Mama Birika, muuza kahawa, alikuwa anasuuza vikombe, hakutaka kuingilia, lakini akaingilia.

— Nyie mnaamini kuna orodha? Hamna orodha. Kuna daftari jeupe pale mezani na kalamu isiyo na wino. Unaandika jina, unakwenda zako umefurahi.

— Afadhali hata hiyo, — akasema Pancha. — Mimi nasikia kiwandani wanatengeneza elfu kwa siku. Wanachagua kumi. Zilizobaki wanazipakia kwenye mashua wanakwenda kuzimwaga ziwani.

— Umesikia wapi?

— Mteja. Tairi lake liliingia msumari, tukaongea.

— Na samaki?

— Samaki wa huko wanajua wakati kuliko wewe.

— Pancha, — nikasema, — tajiri gani atamwaga mali yake majini?

— Huyo huyo tajiri. Wewe maskini huwezi kumwaga, ndiyo maana ni maskini. Na nikwambie zaidi, Fundi. Wakimaliza saa watahamia kwenye vipuri vya saa. Halafu betri. Mwisho watu wataandikishwa orodha ya kuuliza saa ngapi. Utajibiwa baada ya miaka miwili.

Mama Birika akainamisha birika, akatazama ndani.

— Kikombe kimoja kimebaki. Nani?

— Mimi, — Stakabadhi na Pancha kwa pamoja.

— Stakabadhi ametangulia.

— Naongeza bei, — akasema Pancha.

— Kwangu bei haiongezeki. Nami sitaki maneno na wateja. Ni chake.

Akammiminia Stakabadhi. Pancha akamgeukia pale pale.

— Mzee wangu, nakupa mara mbili.

Stakabadhi akakitazama kikombe. Akanitazama mimi. Halafu, mtu huyu aliyemaliza dakika hiyo hiyo kutufundisha habari ya bei iliyoandikwa, akakisukuma mbele polepole.

— Lakini nitakuandikia karatasi, — akasema.

Akachomoa kikaratasi mfukoni akaandika kweli, kahawa moja, akatia sahihi. Pancha akanywa. Tuliona uso unavyojikunja. Yalikuwa machicha matupu.

— Vipi? — nikamuuliza.

— Tamu sana, — akasema, anatoa machicha kwenye meno kwa ulimi.

— Mmeona? — Wembe akasimama. — Mmeona wenyewe? Ikiwa moja, inalipiwa. Hata Stakabadhi ameuza.

Hapo nikakasirika. Mimi hukasirika haraka, na sioni sababu ya kuficha. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilinunua saa mbovu sokoni, nikazifungua, nikazirudisha, nikazifungua tena, mpaka zikakubali. Kwa hiyo mtu akiniambia habari ya saa, anipe ya ndani.

— Kaa chini unisikilize. Saa kama hiyo nimewahi kuifungua moja. Sitaidharau, ni kazi ya watu wenye mikono. Kila gurudumu limepigwa msasa hata upande usioonekana. Pikipiki mbili? Naelewa, zimo mle ndani, nimeziona. Lakini hiyo pikipiki ya tatu haimo. Nilitafuta mpaka chini ya springi.

— Fundi, wewe unaona vyuma tu.

— Ndiyo. Na wewe unaona nini?

— Naona yule bosi.

Tukabishana hivyo hivyo. Nilisema orodha ya dukani aandikishe bure, asubiri kama watu. Yeye akasema mimi sijawahi kutaka kitu. Nikasema nimewahi. Akasema kitu gani. Nikasema amani asubuhi. Stakabadhi akaleta habari ya kodi. Pancha akarudi ziwani, safari hii na wapiga mbizi. Nilipaza sauti mpaka mteja mmoja aliyekuwa anakuja kwangu na saa ya ukutani kwapani akageuza njia. Ndani ufagio ulikuwa umekwisha kazi muda mrefu, na binti amesimama kando ya kiti tupu, anasikiliza.

Msumari ulisema saa sita kasoro dakika kumi dalali alipofika. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa, mkoba mdogo.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, — tukajibu, wengine kwa shingo upande.

Lazima niseme ukweli: hakuwa tapeli. Aliketi kwenye ubao wetu bila kupangusa vumbi, akafungua mkoba, akatoa saa ikiwa bado na karatasi zake laini za kuzuia mikwaruzo. Stakabadhi akaomba stakabadhi ya duka, akapewa, akaisoma mbele na nyuma.

— Imeandikwa bei ya pikipiki mbili, — akasema.

— Ndiyo, mzee. Yangu ni tatu. Sijamficha mtu.

Nami nikaipokea, nikaweka lenzi jichoni, nikatazama. Ilikuwa yenyewe. Nikasema ni yenyewe, japo roho iliniuma, kwa sababu mtu akinipa saa mkononi siwezi kusema uongo juu yake.

Wembe akatoa bahasha. Goti lilikuwa limetulia.

Dalali akatoa kibisibisi kidogo na kile kifaa cha kung'oa vipande vya mkanda. Akauliza kama mtu anavyouliza kila siku kazini:

— Mzee wangu, unavaa mkono gani? Nikupunguzie mkanda hapa hapa.

Wembe akanyoosha wa kulia. Akautazama. Huo ndio mkono wa mashine, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Akaurudisha. Akanyoosha wa kushoto. Huo ndio unaoshika vichwa, unaoingia kwenye maji ya sabuni, wenye nywele za watu mpaka kiwikoni. Akabaki ameuning'iniza hewani.

— Wowote tu, — akasema dalali. — Nipime.

Nikajisikia joto usoni, maana jibu nilikuwa nalo mimi, tangu miaka tisa iliyopita. Saa yake kuukuu aliniletea mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara inakimbia, mara inasimama. Ni mimi niliyemwambia: mashine ya kunyolea ina sumaku ndani, na sumaku inaishika ile springi nyembamba kama unywele. Ivue. Ni mimi niliyempa msumari. Na asubuhi nzima nimepiga kelele za pikipiki, hilo sikulikumbuka.

Nikalisema sasa, kwa sauti ndogo, na si kawaida yangu.

— Basi ataivaa siku ya mapumziko, — akasema dalali.

— Nafunga Jumatatu asubuhi, — akasema Wembe.

— Jumatatu basi.

— Nafua mataulo.

Pancha akakohoa. Mama Birika akawa na shughuli nyingi ghafla na birika tupu. Nami, sijui nani alianza, lakini wote tukageuza vichwa mlangoni, tukautazama msumari. Wembe naye aliutazama. Aliutazama muda mrefu kuliko sisi.

— Kijana, — akasema mwisho, — niazime dakika moja.

Dalali akamwachia, nami namheshimu kwa hilo. Wembe akaivaa mkono wa kushoto. Mkanda ulikuwa mpana, saa ikateleza mpaka karibu na kiwiko. Akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, ambacho sijawahi kumwona akikikalia.

— Nifunge shuka, mwanangu.

Binti akakung'uta shuka, akamfunga shingoni taratibu, akapapasa mabega kama afanyavyo kwa wateja. Wembe akautoa mkono nje. Akaiangalia kwenye kioo, mishale ikiwa kinyume, kama alivyozizoea.

— Imekupendeza, baba, — akasema binti. Alimaanisha.

— Najua.

— Unaijua ni saa gani?

Akamtajia, mpaka na mwaka. Binti hakucheka. Akaitikia kwa kichwa tu, kama mwanafunzi.

Kisha Wembe akafungua shuka mwenyewe, akaipangusa saa kwa taulo safi, akamrudishia mwenye nayo. Dalali alirudisha kibisibisi mkobani bila kinyongo. Alikuwa na mteja mwingine, akasema, mtu wa ofisini, mikono mikavu. Alipoinuka akachungulia mlangoni, msumarini, ajue kama amechelewa.

Wembe akavuka ubao wetu na bahasha, akaelekea mlango wa mama mwenye nyumba, hatua za mtu anayewahi. Njiani akasimama.

— Pancha, una msumari?

— Wa nini?

— Kioo cha mwanangu kitaning'inia wapi?

Pancha akasema anao, tena mrefu, lakini uko mmoja tu na watu wengi wanautaka. Nilimtazama. Akaenda kuuleta.